Anacheza gemu saa nzima, darasani dakika kumi hawezi?

SWALI: Nafundisha darasa la tatu, nina mtoto wa miaka 9 hakai kitini, anajibu kabla hata swali sijamaliza, daftari lake kazi zote nusu nusu. Mama yake anasema ana ADHD, ile shida ya mtoto kushindwa kutulia na kushikilia umakini. Lakini nimemwona kwa macho yangu akicheza gemu kwenye simu saa nzima bila kuinua kichwa, sasa kutulia si anaweza? Mi naona ni malezi tu.

JIBU: Mwalimu asante kwa kuuliza, maana wengi wanaadhibu kwanza. Hiyo ya gemu inawachanganya walimu wengi sana. Umakini anao, kinachomshinda ni kuupeleka pale anapotakiwa na kuushikilia hapo hapo, na gemu inamzawadia kila baada ya sekunde chache wakati hesabu za kugawanya zinamwambia asubiri mpaka usahihishe kesho. Kwa hiyo usione kama anakufanyia kusudi. Malezi mabaya hayaleti ADHD, sukari nayo haileti, kwa sehemu kubwa inarithiwa, pengine hata baba yake alikuwa hivyo hivyo shuleni akaishia kuitwa mkorofi.

Ila kupima sio kazi yako wala ya mama. Wataalamu wanaangalia kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, zimedumu angalau miezi 6, na zinaonekana zaidi ya sehemu moja, yaani hata nyumbani. Wewe waandikie unachokiona, somo gani, saa ngapi, nini kilitangulia. Macho na masikio yapimwe pia.

Darasani, ile "toeni vitabu, fungueni ukurasa wa 40, fanyeni namba 1 mpaka 10" kwake imeshapotea kwenye vitabu. Mwambie jambo moja, akimaliza la pili. Hesabu mpe 3 kwanza, msifie palepale, kisha 3 nyingine. Madaftari akusanye yeye, apate sababu ya kutembea. Na tafadhali sana mapumziko usimnyime, kipindi kinachofuata ndo kitakuwa kigumu zaidi kwenu wote wawili.

Halafu kama darasani yupo, mwangalie na yule msichana wa pembeni, hasumbui mtu, anatazama dirishani penseli imesimama tangu mstari wa kwanza. Naye inawezekana ana shida hiyo hiyo, wasichana wengi wanapitwa kwa sababu ya ukimya wao. Ukiandika ya mvulana, andika na yake.