Kabla hujampigia mtu Debian: kwa wanaoanza kujitolea Unguja na Pemba

Mtu anayeanza kujitolea kuitangaza Debian, mfumo endeshi wa aina ya Linux unaoweza kuwekwa mahali pa Windows, hapa visiwani huwa na haraka ya kuhesabu: kompyuta ngapi zimewekewa, flashi ngapi zimegawiwa. Hesabu hiyo achana nayo. Kompyuta tano ambazo bado zinatumika baada ya miezi mitatu zina faida kuliko hamsini zilizopelekwa kwa fundi wa Darajani zikapigwe Windows tena. Kila inayorudi kwa fundi hurudi na maneno yake, "ile kitu haifai", na maneno hayo yatakutangulia kwenye kila baraza utakayokwenda kukaa. Kwa hivyo yote yaliyomo humu yanaitazama siku ya pili, siku ambayo mwenye kompyuta yuko peke yake nyumbani, Jang'ombe au Wete, na wewe hupo.

Anza na lugha. Usiingie na neno "bure". Kwetu sisi bure ni kitu kisicholipiwa, lakini pia ni jasho lililopotea, ndiyo maana tunasema "kazi bure". Ukimwambia mzee kuwa mfumo huu ni wa bure, atauliza una kasoro gani. Mwambie ni huru, kisha mueleze uhuru wenyewe: kuutumia kwa kazi yoyote, kuufungua na kuuchunguza, kuubadilisha, na kumpa mwenzako nakala. Mfano unaoeleweka haraka Zanzibar ni wakfu. Mtu ameitoa mali yake kwa manufaa ya watu, na hakuna wa kuja kesho akaifanya yake peke yake. Debian ilianzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani, na mpaka leo hakuna kampuni inayoimiliki. Wanaojitolea duniani kote ndio wanaoitengeneza, na katika mkataba wao na jamii wa mwaka 1997 wameahidi kuwa itabaki huru. Mfano huu una mpaka wake, nao usiufiche: mali ya wakfu haiuzwi, lakini nakala ya Debian inaruhusiwa kuuzwa. Ukichukua pesa, sema wazi kuwa unalipwa flashi na muda wako. Mtu akija kugundua baadaye kwamba alilipia kitu angeweza kukipakua mwenyewe, umeshampoteza.

Ahadi mbili usizitoe. Ya kwanza ni kwamba Linux haiingii virusi. Ni kweli virusi vya Windows vinavyozunguka kwenye flashi za skuli, vile vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato, havijiendeshi ndani ya Debian, na hilo unaweza kulionyesha hapo hapo. Lakini flashi ile ile ikitoka hapo inakwenda kuambukiza kompyuta nyengine, na anayebandika amri asizozielewa ataharibu mfumo wowote ule. Ahadi ya pili ni kwamba kila programu aliyoizoea ataikuta. Mhasibu ambaye programu yake ya hesabu ni ya Windows tu, muache. Mwenye duka la fotokopi ambaye printa yake ndogo ya leza haijajaribiwa, muache mpaka uijaribu. Kumwambia mtu "wewe bado" ni sehemu ya kazi hii.

Walio tayari wapo wengi. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha nane. Laptopu nyingi zilizotumika ambazo watu wamenunua hapa hazifiki huko, na bado ni nzima. Yenye prosesa ya biti 64 na RAM ya GB 4 itaendesha vizuri Debian yenye Xfce, ile sura nyepesi ya madirisha na menyu. Ikiwa na RAM chini ya GB 2, usihangaike nayo, kwa sababu mfumo utawaka lakini kurasa za intaneti zitaikwamisha. Za biti 32 pia ziache: toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, halina tena kisakinishi chake.

Kabla ya kusakinisha chochote, washa kompyuta kwa flashi ya majaribio, ile inayoendesha mfumo mzima bila kugusa diski. Jaribu waifai, sauti, kamera na printa. Funga kifuniko kisha ukifungue uone kama inaamka. Halafu ipime diski yenyewe:

sudo smartctl -a /dev/sda

Kama chombo hicho hakimo, kisakinishe humo humo kwenye mfumo wa majaribio. Kifurushi chake ni smartmontools. Tazama mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, namba nzima iliyo mwisho kulia. Zikiwa sifuri, endelea. Zikiwa na idadi, diski imeanza kuharibika na si ya kuaminiwa. Ukisakinisha juu yake, baada ya wiki chache lawama zitakwenda kwa Debian, wakati kosa ni la chuma. Mshauri mwenyewe anunue SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, ya GB 240. Kwa laptopu ya zamani, mabadiliko hayo peke yake yanaleta kasi ambayo hakuna mfumo endeshi utakaoileta.

Kuna betri ndogo ya saa pia, CR2032, inayokufa kimya kimya. Kompyuta ikizimwa, tarehe yake inarudi miaka kadhaa nyuma. Dalili zake huwachanganya wapya: kurasa za intaneti zinakataa kufunguka kwa madai kuwa cheti si halali, na apt, programu ya Debian ya kuvuta na kusakinisha vifurushi, inalalamika kuwa orodha ya vifurushi "bado haijaanza kutumika". Mtu anahangaika na mtandao saa nzima, na kumbe ni tarehe tu. Weka betri tano kwenye mkoba wako.

Sasa kusakinisha kwenyewe. Nakala ya mafaili kwanza, kwenye diski ya nje, na mwenyewe afungue mawili matatu kuhakikisha yapo. Kwenye Windows zima ule uwashaji wa haraka (Fast Startup), kisha zima kompyuta kabisa. Bila ya hivyo sehemu ya Windows inabaki kama imelala, na Debian itaisoma lakini haitakubali kuandika ndani yake. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, hakikisha mwenyewe ana ufunguo wa kuifungulia kabla hujabadilisha chochote kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka. Secure Boot, ulinzi unaokagua mfumo unaowashwa, mara nyingi huna haja ya kuigusa, Debian inaikubali tangu toleo la 10. Kisakinishi kisipoiona diski kabisa, angalia BIOS kama njia ya kuisoma diski imewekwa RAID badala ya AHCI. Usibadilishe bila kufikiri ikiwa Windows inabaki, maana nayo inaweza kukataa kuwaka.

Utakapoulizwa nenosiri la msimamizi mkuu, liache tupu. Ukilijaza, mtumiaji wa kawaida hapewi sudo, yaani ruhusa ya kufanya kazi za msimamizi, na siku ya pili mwenye kompyuta hataweza kusakinisha hata programu moja kwa kufuata maelezo uliyomuachia. Umeme nao uutazame. Laptopu ya mkono wa pili yenye betri iliyokufa, umeme ukikatika baada ya diski kugawanywa na kabla kianzishi, programu inayouwasha mfumo, hakijaandikwa, inaweza isiwake tena upande wowote. Tumia UPS, au subiri.

Flashi zina balaa lake. Zipo zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani yake ni GB 8, na zinakubali kuandikwa bila kulalamika huku zikifuta za mwanzo. Zipime kwa programu za f3write na f3read siku ya kununua, si siku ya warsha. Faili ulilolipakua nalo ulipime kwa sha256sum, amri inayotoa namba ya utambulisho wa faili, na uilinganishe na orodha iliyo kwenye tovuti ya Debian. Mtandao wa simu ukikatika katikati huacha faili lenye jina zuri na matumbo pungufu. Flashi ya USB 2 inayoandika MB 5 kwa sekunde itachukua dakika kama kumi kwa nakala ya GB 3, kwa hivyo usipange kuziandika mbele ya watu.

Warsha ya watu kumi inatosha, na wanaosaidia wasipungue watatu. Beba flashi nne zilizopimwa, diski moja ya nje, swichi ya mtandao ya milango 16, nyaya kumi na mbili za mtandao, na waya za kurefushia umeme zenye matundu yasiyopungua kumi na nne. Bando ndilo linalovunja warsha. Kompyuta kumi zikivuta MB 500 kila moja ni GB 5, na zote zinavuta mafaili yale yale. Weka apt-cacher-ng kwenye laptopu moja, nyengine zivutie hapo kupitia mlango wa 3142, na kila kifurushi kitapakuliwa mara moja tu. Kwenye kila kompyuta unaandika mstari mmoja ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/00proxy:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.8.10:3142";

Anwani iwe ya laptopu yako. Na kabla mtu hajaondoka, lifute faili hilo. Likisahauliwa, kompyuta ikifika Mkoani itaendelea kuitafuta laptopu iliyobaki mjini, na haitapata sasisho hata moja. Ikiwa ulisakinisha kwa nakala kubwa ya DVD, fungua pia /etc/apt/sources.list uondoe mstari unaoanza na deb cdrom, la sivyo kila mara itadai iwekewe diski.

Kuhusu pahala na wakati: kwa skuli, mwanzo ni mwalimu mkuu, naye atakueleza barua gani inahitajika; kwa shughuli ya mtaani, sheha ajue mapema. Jumamosi saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri ni wakati mzuri. Ijumaa isiwe. Mwezi wa Ramadhani, ama baada ya tarawehe ama uache mpaka baada ya Idi. Akiwepo mwanamke miongoni mwa wanaofundisha, wanawake watakuja na watauliza.

Walimu wa madrasa wasisahauliwe, kwa sababu wao wana haja ambayo Debian inaitimiza vizuri sana: kuandika Kiarabu na Kiswahili kwenye ukurasa mmoja. Sakinisha fonts-hosny-amiri, ongeza mpangilio wa kibodi wa Kiarabu, weka Alt na Shift ziwe za kubadilishia, na kwenye mipangilio ya lugha ya LibreOffice washa maandishi changamano ili ukurasa ukubali kuanzia kulia. Kwa walimu wa skuli sakinisha fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea. Hizo zina vipimo sawa na Calibri na Cambria, na mtihani ulioandikwa kwa Word hautavurugika kurasa.

Asiyependa nyaya na bisibisi anaweza kutafsiri, na kazi hiyo inatuhusu hasa sisi ambao Kiunguja chetu ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, kwa hivyo njia si ngeni. Ugumu wake si msamiati, ni ngeli. Ukikuta %s, alama ambayo programu huijaza neno wakati inapotumika, mahali pa jina la kitu, hujui kitakachoingia ni faili, kitabu au picha, na ukiandika "%s imefutwa" siku nyengine itasomeka vibaya. Taja aina kwanza, "Faili %s limefutwa", au kama aina haijulikani, "Kufuta %s kumekamilika". Alama yenyewe usiiondoe wala usiitafsiri, programu inaweza kukwama kwa ajili yake. Na usitafsiri peke yako, kwani kila toleo jipya linakuja na maneno mapya ya kushughulikiwa.

Mwisho wa warsha kila mtu aondoke na karatasi moja: jinsi ya kusasisha, jinsi ya kuunganisha waifai, na namba ya mtu aliye karibu naye. Wa Pemba awe na mtu wa Pemba, asitegemee boti ya mtu wa mjini. Baada ya wiki mbili mtembelee. Usimuulize kama anaipenda, atakujibu kwa adabu kuwa anaipenda. Muombe akufungulie faili aliloliandika wiki hii. Kama halipo, kaa naye, muulize kazi iliyomshinda ni ipi, na muifanye pamoja mpaka faili lipatikane.