Mwanangu, kuhusu lile swali lako la siasa

Mwanangu mpendwa,

Huku Njombe tu wazima, baridi ndiyo imeanza. Bibi anakuulizia kila jioni.

Uliniambia kwenye simu kwamba wenzako wanataka ugombee uongozi wa serikali ya wanafunzi, na mjomba wako kakukanya: umeenda kusoma, siasa waachie wenyewe. Ukaniuliza mimi nasemaje, nikajibu "tutaongea". Nilikukwepa, nisamehe. Jibu langu ni gombea.

Mjomba hakosi sababu ya kuogopa. Oktoba 1966 wanafunzi wa hapo hapo chuoni kwako Mlimani, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kupinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa lazima na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400. Mimi naona walikosea kuikataa JKT, nchi ndiyo iliyowasomesha. Lakini siku ile ile Mwalimu alikiri kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, akapunguza wa kwake kwa asilimia 20. Watu hukumbuka kufukuzwa, huo mshahara wameusahau. Machi 1978 wengine wakaandamana, safari hii kupinga marupurupu ya mawaziri na wabunge, jambo lisilowaongezea wao hata senti. Nao walifukuzwa. Hao nawaheshimu mpaka leo.

Sasa la kwangu, ambalo sijawahi kukusimulia. Nikiwa chuo cha ualimu, fedha za chakula zilikuwa zikipotea, tunakula maharage yenye wadudu. Rafiki yangu wa chumba kimoja aliandika barua kwa mkuu wa chuo, akaomba tuisaini wote. Niliisoma, kila neno lilikuwa kweli. Nikasema naumwa, nikajifunika blanketi. Walisaini tisa. Yeye akarudishwa nyumbani na hakumaliza ualimu. Muhula uliofuata chakula kikawa kizuri, nami nikakila mpaka nikahitimu. Mwanangu, yale maharage bado yamenikaa kooni.

Ndiyo maana siwezi kukwambia ukae kimya. Ila chagua unachokisemea. Bumu, hizo fedha zenu za kujikimu za mkopo, likichelewa, usianze na kelele: tafuta kwanza limekwama wapi, Bodi ya Mikopo au kwa mhasibu wa chuo, maana wengi hupigana na mlango usio wenyewe. Na akija mtu wa chama, chama chochote, na fulana, nauli na posho ya kujaza uwanja, mrudishie. Umri wa kupiga kura unao, kadi ya chama ukiitaka ni haki yako, lakini ichukue kwa kuwa umesoma sera zao, si kwa kuwa umelipiwa basi.

Mitihani usikose hata mmoja. Huo ndio mwanya wa kwanza watakaoutafuta.

Ukishaandika hoja zako za kugombea nitumie nizisome kabla hujazisimamia. Mjomba niachie mimi.

Baba yako