Ngazi ya kwanza ndiyo inayobeba shule

Swali la juma hili liliuliza shule ifanye nini ili watoto wanaobaki nyuma kimasomo au kinidhamu wasaidiwe mapema. Mimi ni msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi nchini Marekani, wanakosoma watoto wengi wa wakimbizi kutoka Kongo, na naona msaada wa ngazi tatu unafaa, mradi shule isiiruke ngazi ya kwanza.

Ngazi hiyo ni ya watoto wote: ufundishaji makini, pamoja na mwenendo unaofundishwa kama somo, kuanzia kupanga foleni hadi kuomba radhi. Wote hupimwa kusoma na hesabu, kwa kawaida mara tatu kwa mwaka. Wanaosuasua huingia katika vikundi vidogo, ndiyo ngazi ya pili, na wachache sana hupewa msaada wa mmoja mmoja, ndiyo ya tatu. Makadirio yaliyozoeleka ni kwamba ngazi ya kwanza iwatosheleze watoto 80 hivi kati ya 100. Kwa hiyo, nusu ya darasa ikihitaji vikundi, kasoro imo katika ufundishaji, wala tusiwatwike watoto lawama.

Kwa nidhamu, msaada wa ngazi ya pili ninaouamini zaidi ni kadi ya kila siku. Asubuhi mtoto hupita kwa mtu mzima anayemwamini, akapewa kadi yenye malengo machache; kila kipindi kikiisha mwalimu humwandikia alama 0, 1 au 2, na jioni kadi huenda nyumbani kusainiwa. Nimewaona watoto waliozoea kutolewa nje ya darasa wakimfuata mwalimu wenyewe ili awajazie.

Linalonisikitisha ni wazazi wetu kupokea barua ya ngazi ya pili wakadhani mtoto amehesabiwa kuwa na ulemavu. Sheria ya shirikisho kuhusu elimu ya watoto wenye ulemavu, iliyorekebishwa mwaka 2004, inakataza uamuzi huo ikiwa sababu kuu ni mtoto kutojua Kiingereza vizuri. Kwa upande mwingine, mzazi anayehofia kwamba ulemavu upo kweli anaweza kuomba uchunguzi wakati wowote, na mwaka 2011 Wizara ya Elimu iliyakumbusha majimbo kwamba ngazi hizi zisitumiwe kuuchelewesha. Aombe kwa maandishi, abaki na nakala, na adai mkalimani mtu mzima, kwani si haki mtoto atafsiri kikao kinachomjadili yeye mwenyewe.