Pangaboi la binti yangu halizunguki: ninunue lililo tayari?

Swali: Binti yangu wa Darasa la Tano ametengeneza pangaboi kwa chupa za maji na spoku ya baiskeli, ili upepo upandishe kikombe cha mchanga. Halizunguki. Kuna mtu mjini Dodoma anauza yaliyokwisha kuunganishwa. Nimnunulie asije akaaibika kwenye maonyesho ya shule? — Mzazi, Chamwino

Jibu: Usinunue, ndugu mzazi. Mwache kwanza aangalie kama mabawa yameukabili upepo yakiwa bapa, kwa sababu bawa la namna hiyo husukumwa nyuma tu badala ya kusukumwa upande. Kisha achunguze kama spoku inasuguana na tundu la ubao, ambapo ganda la kalamu tupu likipachikwa humo litapunguza msuguano. Asirekebishe yote mawili kwa mkupuo, maana likizunguka hatajua ni lipi lililosaidia. Likishazunguka, ayalaze mabawa kwa nyuzi 15, halafu 30, halafu 45, na kila mara aandike daftarini kikombe kimepanda kwa sekunde ngapi. Atumie feni iliyowekwa umbali uleule, kwani upepo wetu wa Dodoma haumsubiri mtu apime.

Kinachonichosha ni imani kwamba kazi nzuri ya mtoto ni ile iliyopakwa rangi na kufanya kazi mara ya kwanza. Nimesimama mbele ya meza nyingi za maonyesho ambapo mtoto anazikariri hatua za usanifu kama shairi, lakini ukimuuliza kwa nini mabawa ni manne wala si matatu, anamtazama baba yake. Wauzaji wa mapangaboi hayo, pamoja na wale wanaoahidi kumfanya mtoto mhandisi kwa siku tatu, wanauza jibu la swali ambalo mtoto hajaliuliza. Ndugu Wright wa Marekani, ambao kwa kazi walikuwa mafundi baiskeli, walipoona mwaka 1901 kwamba nyiririko yao, yaani ndege isiyo na injini, hainyanyuki kama hesabu zilivyodai, walijenga handaki la upepo, yaani sanduku refu linalopulizwa hewa kwa feni, wakapima maumbo ya mabawa yapatayo 200. Ndege yao yenye injini iliruka tarehe 17 Desemba 1903.

Walimu nao waache kutupa vilivyoshindikana. Siku ya maonyesho, binti yako aweke mezani mabawa yote aliyoyakataa, na daftari likiwa wazi kando yake.