Mikia ya Kituruki: dada wa Ankara, hii ni yako

Juzi kuna dada kanitumia meseji, yuko Ankara mwezi wa tatu sasa anasoma lugha kabla ya kuanza chuo, anasema amechoka, kila neno la Kituruki lina mkia, yaani kipande kinachobandikwa mwishoni, na mkia nao una mkia, na anauliza evinde ni nyumbani kwako au nyumbani kwake. Dada yangu nimeisoma mara mbili, maana nimepita hapo hapo.

Mtihani wangu wa kwanza nilifeli. Insha ilikuwa ya familia, nikaandika annem ev nikimaanisha nyumba ya mama, mwalimu akaisoma mbele ya darasa zima watu wakacheka. Mpaka leo inaniuma. Ilitakiwa annemin evi, yaani mama anapewa mkia wake -in na nyumba nayo inapewa wake -i, wote wawili, na mwenye mali ndo anatangulia. Sisi tumezoea kuanza na nyumba, tukaweka "ya", basi.

Kilichonifungua ni Kiswahili chenyewe. Si tunasema mamangu, mamako, mamake? Wao ni annem, annen, annesi. Mchezo ule ule, ila wao hawaishii kwa ndugu, kila kitu kinabandikwa: evim nyumba yangu, kitabım kitabu changu (kitap ile p inageuka b, na neno lenyewe wao na sisi tumelitoa kwenye Kiarabu).

Panapotuumiza zaidi ni -ni. Niko nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani, kwetu neno halibadiliki. Wao wamegawa: evde upo, eve unaenda, evden unatoka. Na irabu za mkia lazima zifuate za neno, ndo maana shule, okul, inakuwa okulda, okula, okuldan. Hapo nilikaa wiki nzima nikiongea peke yangu kwenye basi.

Acheni kukariri majedwali jamani. Kata neno vipande, kila siku, kwa mdomo. Ev-ler-imiz-den: nyumba, wingi, yetu, kutoka. Wingi kwanza, mwenye mali, halafu mahali, haipinduki. Watu mnataka lugha ya watu kwa wiki mbili, haiwezekani, kaa chini ukate maneno. Mimi nimekata mpaka mwezi uliopita nimepata C1, ngazi ya juu ya lugha, na nililia.

Na ile evinde uliyoniuliza, ni nyumbani kwako na pia ni nyumbani kwake, vyote sahihi. Ukiona utata tanguliza senin kwa wewe, onun kwa yeye.