Mnara wa saa Makka: palikuwa na ngome, si msikiti

Kuna wanaodai kwamba msikiti ulibomolewa Makka ili kupisha ule mnara mkubwa wa saa. Hapana, hakuna msikiti uliobomolewa. Palikuwa na Ngome ya Ajyad, ya Waturuki wa Dola ya Uthmaniya, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 18 juu ya kilima kinachoutazama Msikiti Mtukufu. Ilibomolewa mwaka 2002, na kilima chenyewe kikasawazishwa. Uturuki ililalamika sana wakati ule, magazeti yaliandika, Saudia ikajibu kwamba hilo ni jambo lake la ndani. Kwa hiyo anayesema "hapakuwa na kitu, mlima tu" naye amekosea.

Majengo yenyewe (Abraj Al-Bait, minara saba, mmojawapo huo wa saa) ni wakfu wa Mfalme Abdulaziz. Wanasema mapato yanasaidia kuutunza Msikiti. Ndani mna hoteli, maduka na nyumba za kupanga, na mnara wa saa una mita 601. Nilipokwenda umra tulifikia mbali, mpaka upande basi, lakini hata usiku ile saa ya kijani ulikuwa unaiona, ndiyo ikawa dira yetu ya kurudia Haram, yaani Msikiti Mtukufu.

Ila msichanganye na upanuzi wa Msikiti wenyewe. Huo ni mradi mwingine, na huko kweli baadhi ya nguzo na kuba za Kiuthmaniya zilizouzunguka uwanja wa tawafu (kuizunguka Kaaba) ziliondolewa. Nadhani uvumi wa "msikiti kubomolewa" umetokea huko.