Kabla hujaupiga udi, lijue jina lake

Nilipoanza kujifunza udi Zanzibar, nilikuwa nikiwaambia wenzangu kwa uhakika kabisa kwamba ala hii ya nyuzi imechongwa kwa ule mti wa kufukizia nguo. Nani angebisha? Tangu utotoni tunasikia "kwa udi na uvumba". Siku moja mwalimu wangu akanisikia, akanisogezea udi wake puani. "Nusa." Nikanusa gundi na mbao kavu, basi.

Akanieleza kuwa kwa Kiarabu neno hilo, linaloanza na herufi ain, ni mti tu: kijiti, kipande cha ubao. Udi wa chetezoni na udi wa taarab kila mmoja ulijipatia jina hilo kivyake. Kuhusu ala, maelezo yanayotolewa sana ni kwamba uso wake ni wa ubao, wakati ala nyingine za zamani ziliwambwa ngozi.

Jina likasafiri. Kutoka Andalusia ya Waislamu, al-ud ikawa laúd kwa Wahispania, luth kwa Wafaransa, lute kwa Waingereza. Ile "l" ya mbele ni mabaki ya "al". Lakini usidhani ni ala ile ile. Ya Ulaya ina migawanyo shingoni, yaani vipau vidogo vinavyotenga sauti moja na nyingine, udi hauna, na ndiyo maana kidole kinaweza kutafuta zile sauti za katikati ambazo maqamu, yaani mifumo ya sauti ya muziki wa Kiarabu, hayaishi bila hizo.

Ushauri wangu kwa anayeanza: uliza majina mapema, yatakufundisha mkono. Mimi niliuacha udi wangu dirishani juma zima. Jua likaachanisha gundi, uso ukainuka pembeni kiasi cha ukucha kupenya, na uzi mnene ukaanza kukereza. Ni mti, unakunywa unyevu na unakauka. Sasa haukai nje ya mfuko wake, na nikisafiri nalegeza nyuzi zote 11.

Na kile cha kupigia kinaitwa risha, yaani unyoya, kwa kuwa zamani kilikuwa unyoya wa ndege hasa. Changu ni cha plastiki, nami nilikuwa nakibana mpaka kiganja kinakufa ganzi. Nilipojua maana yake nikaanza kukishika kama unyoya, kifundo kikalegea, na nyuzi za jozi zikaanza kulia pamoja.